Mwanahamisi, Sufiani, Zubeda na jini wa Amboni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu litoke toleo la talaka la katuni yetu, ujumbe unaotufikia unazunguka mambo yale yale: nani kakosa, nani kaonewa, na kwa nini fulani kasamehewa na fulani bado. Maswali yanayojirudia nimeyajibu hapa. Mimi ni mwandishi wa hadithi. Mchoraji ameyapitia majibu yote, na pale anapopingana nami nimeyaacha maneno yake yabaki. Kama hujafika kwenye toleo hilo, soma swali la kwanza na la pili tu. Yanayofuata yatakumalizia utamu.

Ndiyo kwanza naanza. Hawa ni akina nani?

Mwanahamisi ni fundi cherehani, nyumba yake iko Ngamiani, Barabara ya Nane. Sufiani, mumewe, ni mvuvi wa Sahare. Zubeda ni shoga yake tangu walipokuwa wakisoma chuo cha Kurani kwa mwalimu mmoja. Bi Tatu ni somo yake, ndiye aliyemfunda alipovunja ungo, na katika ujana wake aliimba taarabu, miaka ile ya 1970 ambapo Tanga ilivuma kwa vikundi vya Black Star na Lucky Star. Wa tano ni Najimu, jini mahaba wa mapango ya Amboni. Wengine wote ni wapita njia.

Tanga inayochorwa ni Tanga hii hii tunayoishi?

Ni hii hii, na mchoraji hakubali kuchora mahali ambapo hajasimama. Mapango ya Amboni yako kilomita 8 hivi kaskazini mwa mji, njia ya Horohoro, na mawe yake ya chokaa yana umri wa zaidi ya miaka milioni 150. Chumba cha mzimu ambako watu huacha marashi, vitambaa na sarafu tumekichora kama kilivyo, kwa heshima ya wanaokwenda pale na shida zao. Makaburi yenye minara anayotembelea Bi Tatu ni ya Tongoni, njia ya Pangani. Kisiwa kinachoonekana nyuma ya mashua katika matoleo ya mwanzo ni Toteni, chenye magofu ya misikiti na makaburi yake.

Wengi mnamuulizia Osale Otango, ambaye wazee husimulia kuwa alijificha mapangoni Amboni miaka ya 1950 yeye na mwenzake Paulo Hamisi. Hatakuja. Ana hadithi yake inayomtosha, na kumwingiza humu ni kumfanya pambo.

Najimu ni jini wa kheri au wa shari?

Pwani yetu majini wana makabila na dini zao kama watu. Kuna ruhani, kuna subiani, wapo Waislamu na wapo makafiri, na katika wote hao jini mahaba ndiye anayeogopwa zaidi na mama mwenye binti. Husemwa kwamba anakuja ndotoni, anavunja posa, anamfanya mke amchukie mumewe bila sababu. Najimu amefanya moja katika hayo kwa hakika: kabla ya Sufiani, Mwanahamisi alichumbiwa mara mbili, na mara zote mbili ni Najimu aliyevuruga. Mchumba wa kwanza alitishwa usiku mpaka akahama mji. Wa pili aliugua ugonjwa usiojulikana, akapona siku aliyorudisha ahadi. Hatukulificha jambo hilo wala hatutalipunguza kwa sababu tu Najimu amechorwa na macho mazuri.

Sasa jambo ambalo wasomaji wachache wameligundua. Wazee husimulia kuwa jini ana kwato. Mchoraji alimpa Najimu kwato, akazifunika kwa kanzu ndefu. Zinaonekana pale tu anapodanganya. Rudini mkayatazame matoleo ya nyuma, pindo la kanzu limesema mengi kuliko viputo vya maneno. Nalitaja hapa kwa sababu bila hilo swali linalofuata halijibiki.

Kwa nini Najimu alisema "Mimi sikuwepo"? Si angenyamaza, ndoa ikapona?

Hili ndilo linaloongoza kwa wingi, na ndilo ambalo nimelifikiria kuliko yote.

Kwa aliyesahau: habari za Sufiani kutembea na Zubeda zimeshafika mtaani. Kikao kimekaa ukumbini kwa Bi Tatu, wazee wa pande mbili wako juu ya mikeka, Mwanahamisi yuko chumbani nyuma ya pazia. Sufiani anaulizwa. Anajibu, macho chini, kwamba hakuwa yeye, kuna kitu kilimpanda. Nyumba ile ina jini na hakuna asiyejua. Wazee wanatikisa vichwa. Mjomba mmoja anasema basi, asomewe, anywe kombe la maji ya aya, yaishe, watu warudi makwao kabla ya adhuhuri. Unaona kwenye nyuso kwamba kila mtu amepata nafuu. Hapo ndipo Najimu, ambaye ni Mwanahamisi na Bi Tatu tu wanaomwona, anasema pale mlangoni: "Mimi sikuwepo." Na kanzu yake imefika chini kabisa.

Sifanyi dhihaka na wanaougua. Wapo watu Tanga ambao ngoma ya pepo na kisomo vimewainua kitandani, na sina neno nao. Lakini mume aliyetoka nje ya ndoa akasema "lilinipanda" anaomba asamehewe bila kukiri. Tazama anamwacha mkewe wapi. Kama kosa ni la jini, Mwanahamisi atamsamehe nani? Atarudi nyumbani na mume asiye na hatia, atalala na kidonda ambacho hakuna aliyekitia, na akilia ataambiwa mbona yameshakwisha. Msamaha unataka mwenye kosa asimame mbele. Akiondoka mwenye kosa, anayebaki na mzigo ni aliyekosewa, anaubeba peke yake na watu wanamsifu kwa uvumilivu.

Kuhusu nia ya Najimu, hapa mimi na mchoraji hatukubaliani. Yeye anasema Najimu aliongea kwa wivu, kwa kuwa ndoa ikivunjika yeye ndiye anayefaidika, na kusema kweli kwa tamaa bado ni tamaa. Mimi naona aliongea kwa uchungu wa kusingiziwa asilolifanya wakati aliyoyafanya hakuna aliyemuuliza. Toleo lenyewe halisemi. Chagueni.

Je, Mwanahamisi alimpenda Najimu?

Ndiyo, alimpenda.

Najua jibu hili linawaudhi wengi, hasa wanaotaka awe mke aliyeonewa tu. Sufiani anapokwenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, hukaa wiki nzima au zaidi, na katika kusi nyumba ya mvuvi ni nyumba ya kusubiri. Najimu alikuja akakaa kizingitini, akauliza siku yake ilikuwaje, akasikiliza jibu. Hakuwahi kumgusa, na hakuwahi kuvuka kizingiti. Lakini Mwanahamisi alianza kuficha kanga fulani avae siku za dago tu, na alijua anachokifanya. Ndiyo maana katika toleo la talaka, Sufiani akishakiri, na yeye anafungua kinywa: "Na mimi nina langu." Ukurasa ule mchoraji aliukataa mara ya kwanza akisema unayalinganisha makosa mawili yasiyolingana. Hayalingani, na Mwanahamisi hasemi yanalingana. Anasema lake kwa kuwa ni lake.

Kwa nini hatukumleta mganga akamfunga Najimu kwenye chupa, mambo yakaisha?

Kwa sababu Najimu akiingia kwenye chupa, Sufiani na Zubeda wanabaki vile vile.

Kama alimsamehe Sufiani, mbona hakurudi kwake? Msamaha gani huo?

Baada ya kikao Sufiani anarudi Sahare, anakaa kimya matoleo mawili. Kisha anakuja mchana, mbele ya Bi Tatu, na safari hii hamtaji jini. Anataja siku. Anataja nyumba. "Bamvua ile niliyokwambia tunakwenda dago Kigombe, sikwenda." Kurasa tatu nzima anazungumza yeye, na katika kila fremu mikono ya Mwanahamisi iko kwenye cherehani, haishoni. Akimaliza anaambiwa: "Nimekusamehe." Ukurasa unaofuata Mwanahamisi anaomba talaka.

Wengi mlikasirika hapo. Naomba tuitazame sheria yenyewe, kwa sababu hadithi imesimama juu yake. Sufiani alitoa talaka moja, na hakudai Mwanahamisi ajikomboe kwa kurudisha mahari. Talaka moja ni talaka rejea: ndani ya eda, ambayo kwa mwanamke anayeona siku zake ni tohara tatu, kama miezi mitatu hivi, mume ana haki ya kumrejea mkewe kwa neno tu. Haihitaji mahari mpya, haihitaji ndoa mpya, wala haingoji ridhaa ya mke. Eda ikipita, haki hiyo imekwisha. Akimtaka tena ataposa upya, na mwanamke anaweza kukataa.

Kwa hiyo kwa miezi yote ile mlango ulikuwa mikononi mwa Sufiani. Kaka zake walimsukuma kila jioni: neno moja tu, mwanaume gani wewe. Toleo la eda halina tukio kubwa. Sufiani anashona nyavu, anakwenda baharini, anarudi, mwezi unaandama na kuandama tena. Hakutamka. Aliiacha haki yake ipite ili Mwanahamisi apate ya kwake. Wanaosema Sufiani ni dhaifu nawaomba walisome tena toleo lile polepole. Kukiri kulikuwa maneno. Hili la kunyamaza miezi mitatu ndilo tendo lake la kwanza la kuomba radhi, na kwangu linazidi kurasa zile tatu za maneno.

Na Mwanahamisi? Alisamehe maana yake hamdai tena. Hatamsimanga sokoni, hatamwapiza usiku, mtoto wao hatasikia baba yake akitukanwa. Kulala naye nyumba moja ni jambo jingine, na halikuwa sehemu ya deni.

Kwa nini maneno ya kanga yamo kila toleo? Ni urembo tu?

Si urembo. Wanawake hawa wawili waliacha kusemezana, na mwanamke wa pwani aliyeacha kusema na mwenzake bado ana kanga. Mwanahamisi alipita mbele ya baraza la Zubeda na "Hasidi hana sababu". Kesho yake Zubeda akaanika uani "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Msomaji asiyesoma jina la kanga anaona watu wawili wakipita njia. Anayesoma anaona vita.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya harusini. Mwimbaji anafika kwenye ubeti wa rafiki aliyekula akasahau, na Mwanahamisi anainuka kwenda kutuza. Anatembea ukumbi mzima na noti yake, taratibu, anaipunga juu, na wanawake wote wanageuka kumtazama Zubeda. Hakuna kiputo hata kimoja katika kurasa mbili zile. Hilo nalo lilikuwa kosa. Alimwaibisha mtu mbele ya umati, na baadaye alilazimika kulitaja.

Mnamwonea Zubeda. Mbona Sufiani alisamehewa mapema na yeye akasubiri matoleo mengi hivyo?

Swali hili limetoka kwa wanawake zaidi, na lina haki ndani yake. Mwanamke na mwanaume wakikosa pamoja, mtaa humsamehe mwanaume kabla jua halijazama. Nisingependa katuni yetu ifanye hivyo hivyo.

Ila soma kilichomchelewesha. Cha kwanza, kwa Mwanahamisi jeraha la Zubeda lilikuwa kubwa zaidi. Mume alimpata ukubwani. Zubeda alimjua tangu wana miaka saba, ndiye aliyeshika mkono wake usiku wa kufundwa. Cha pili, Zubeda hakuomba. Alikuwa na sababu zake, upweke, mume aliyemwacha bila talaka akaenda Muscat, na kila alipofika mlangoni alianza na sababu. Bi Tatu alimrudisha: "Mwanangu, hayo ya Muscat tutayalia siku yake. Leo umekuja kwa lipi?"

Cha tatu ni kiapo. Katika hasira Mwanahamisi alikula yamini kwa jina la Mungu kwamba hatasema na Zubeda mpaka afe. Moyo ulipolainika, kiapo kilisimama katikati. Bi Tatu akamkumbusha kwamba kiapo cha kukata udugu si cha kukishikilia, na kukivunja kuna kafara yake: kulisha masikini kumi, au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku tatu. Mwanahamisi akaamua kulisha.

Sasa lile toleo la kafara. Sufuria ziko uani, mchele umeoshwa, nazi zimepasuliwa. Zubeda anasikia, anakuja bila kuitwa, anaketi kwenye mbuzi, anaanza kukuna. Kurasa nane hawasemezani. Mmoja anakuna, mwingine anakamua tui. Masikini kumi wanakula, wanaomba dua, wanaondoka. Neno la kwanza Mwanahamisi analomwambia baada ya mwaka mzima ni "Nazi zimetosha." Wengine mmelalamika kwamba hiyo si samahani. Zubeda anajibu kwa kusema lote, mara hii bila Muscat, na Mwanahamisi anasema la harusini, la ile noti aliyoipunga. Ndipo inatoka doti mpya ya "Wema hauozi", anaikata katikati, kipande kimoja anabaki nacho na cha pili anampa shoga yake.

Mchoraji angependa walie. Nilikataa, walishalia vya kutosha kila mtu kwake.

Zubeda na Mwanahamisi wamerudi kuwa kama zamani?

Hapana. Wanaalikana, wanasaidiana shughulini, siri za ndani bado.

Na Najimu? Aliomba radhi kwa nani?

Kwa Mwanahamisi kwanza, eda ilipokwisha. Wasomaji walidhani siku hiyo atamposa. Alikuja akakaa kizingitini pale pale, akasema yeye ndiye aliyevunja zile posa mbili. Mwanahamisi hakuwa anajua. Miaka yote alidhani ana kasoro, na mama yake alifariki akidhani hivyo. Hasira aliyompa Najimu siku ile hajawahi kumpa Sufiani wala Zubeda, na naona ilistahili, kwa kuwa wale walimkosea mara moja na huyu alimpokonya ujana wake kisha akaja kumfariji kwa upweke aliousababisha yeye mwenyewe. Wanaotuandikia kwamba Najimu ndiye mume anayefaa wautazame ukurasa huo kabla ya kuandika tena.

Alimwambia kwamba waliokosewa ni watatu, na yeye hawezi kusamehe kwa niaba ya wengine wawili. Ndiyo ikawa safari ya Najimu na Bi Tatu, maana jini haonekani na lazima awepo wa kumsemea. Yule aliyeugua, sasa ni babu mwenye duka Pongwe, alicheka, akasema amesamehe zamani bila kujua anamsamehe nani. Aliyehama mji walimkuta Pangani. Huyo alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia Bi Tatu: "Shikamoo mama, nimekuheshimu nimekusikia. Simsamehi." Akaingia ndani.

Mnauliza kama atabadilika. Hatabadilika, na hatumchori kama mtu mbaya kwa hilo. Ana haki yake aliyonyimwa, hakuna ukurasa utakaomlazimisha aitoe ili hadithi yetu imalizike vizuri. Najimu anaishi na jibu hilo. Mwanahamisi alimsamehe baadaye sana, kwa sharti kwamba asikae tena kizingitini.

Watoto wanaweza kusoma?

Kuanzia sekondari, naona inafaa. Hatuchori ya chumbani. Mtoto mdogo ataogopa zile kwato.

Nani ataoana na nani mwishoni?

Najimu hamuoi. Hilo naweza kulisema leo ili tupumzike.

Sufiani ametuma mshenga katika kaskazi, kwa adabu zote, kama kijana anayeanza. Mahari mpya imetajwa. Mwanahamisi amempa mshenga chai na mkate wa kumimina, akamwambia arudi Ijumaa, na Ijumaa hiyo iko kwenye toleo lijalo ambalo limeshachorwa. Tunachoweza kuwaambia ni kwamba anaulizwa yeye, na anajibu yeye, si mjomba.

Nachora pia. Naruhusiwa kuwachora wahusika hawa kwa hadithi yangu?

Chora. Waoze unavyotaka, wagombanishe, mpe Zubeda mume mwema kama una huruma naye, wapeleke Lushoto au Mombasa. Ukituonyesha tutafurahi. Ombi letu ni moja: katika kile kikao, usimfanye Najimu aseme alikuwepo.